Kukatwa titi lote au kutoa uvimbe tu: ulinganisho kwa mwanamke wa Tanga

Daktari akishataja saratani, masikio hujifunga. Nilikuwa na miaka 47 siku hiyo, nimekaa na bahasha ya majibu mapajani, na baada ya neno lile nikawa naona midomo ya daktari inacheza tu. Nilichosikia tena ni swali la mwisho: "Sasa mama, tutoe titi lote, au tutoe uvimbe wenyewe, titi tulibakize?" Nikamjibu nitakwenda kumuuliza baba watoto. Baba watoto naye, masikini, akasema tumuulize daktari.

Miezi minne baada ya operesheni yangu, shoga yangu wa Muheza aliulizwa swali lilelile. Mimi nilikatwa lote. Yeye alibakiza. Sote tupo, tumevuka mwaka wa tano, na mambo haya tumeyalinganisha mara nyingi barazani kwangu Makorora, mkeka chini, kahawa katikati. Nayaandika kwa ajili ya mwanamke mwenye miaka arobaini au hamsini na kitu, awe wa Tanga mjini, Pangani, Muheza au Korogwe, ambaye bahasha yake imefunguliwa wiki hii na ana siku chache za kujibu.

Kabla ya yote, majibu ya kinyama

Usichague chochote kabla ya majibu ya kinyama, yaani biopsi, kutoka. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na mkono wa daktari, hata awe bingwa, hauwezi kutofautisha kwa hakika. Ultrasaundi nayo huonyesha dalili tu. Sindano nene inachukua kipande kidogo cha nyama, kinapelekwa maabara, na huko ndiko jina la ugonjwa linakotoka. Omba kinyama hichohicho kipimwe pia kama saratani yako inalishwa na homoni, na kama ina HER2 nyingi, yaani protini inayoisukuma saratani ikue, maana majibu hayo ndiyo yatakayoamua dawa utakazomeza au kuchomwa kwa miaka. Titi lililokatwa kwa kukisia halirudi.

Kupona: hapa njia zote mbili ziko sawa

Hili lilinichukua muda kuliamini. Tumelelewa tukiambiwa dawa ya jino bovu ni kung'oa, kwa hiyo kubakiza titi kunaonekana kama kubakiza ugonjwa. Shangazi yangu alilisema waziwazi: "Mwanangu, toa lote, urembo hauna faida kaburini."

Madaktari wenyewe waliamini hivyo muda mrefu. Kuanzia miaka ya 1890, daktari Halsted wa Baltimore, Marekani, alikuwa akikata titi pamoja na misuli ya kifua na tezi zote za kwapani, na kwa miongo mingi iliyofuata wanawake wa nchi nyingi walikatwa kwa mtindo wake. Kisha wakaja waliothubutu kupima kama ilikuwa lazima. Umberto Veronesi, mjini Milan, Italia, aligawa wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2: kundi moja wakakatwa lote, kundi la pili wakatolewa sehemu tu ya titi, kisha wakapigwa mionzi. Majibu ya miaka 20 yalitoka mwaka 2002. Waliokuwa wamefariki kwa sababu yoyote walikuwa karibu 41 kwa kila 100 katika kundi la waliokatwa lote, na karibu 42 katika kundi la waliobakiza. Marekani, Bernard Fisher alifuatilia wanawake 1,851, wengine wakiwa na uvimbe wa hadi sentimita 4, naye akakuta njia ya operesheni haikubadili umri wa kuishi.

Kwa hiyo anayekuambia ukate lote ndipo upone anakupenda, ila hilo lilishapimwa na halikuthibitika. Na anayemwona aliyebakiza titi kama mtu aliyetanguliza urembo mbele ya roho yake anamdhulumu.

Mionzi ndiyo mizani yenyewe

Nisome vizuri hapa, mwenzangu, kwa kuwa ndipo uamuzi wa mtu wa Tanga unapotofautiana na wa mtu wa Dar es Salaam.

Wanawake wa Milan waliobakiza titi walipigwa mionzi. Fisher aliwapima hata wasiopigwa. Ndani ya miaka 20, kwa waliotolewa uvimbe bila mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa 39 kati ya 100. Kwa waliotolewa uvimbe na kupigwa mionzi, 14 kati ya 100. Kubakiza titi, basi, ni kazi moja yenye vipande viwili, kisu na mionzi. Ukifanya kipande kimoja ukaacha cha pili, hujafanya njia ile iliyopimwa na kuonekana inalingana na kukatwa lote. Umefanya njia ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote mbili.

Na Tanga hatuna mashine ya mionzi. Hospitali yetu ya Bombo inatazama bahari, na tunakokwenda kupigwa mionzi nako kunatazama bahari, ila ni bahari ya Dar es Salaam, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, karibu kilomita 350 kwa njia ya Segera na Chalinze. Mionzi hupigwa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mpango wa zamani ni mara 25, yaani wiki tano. Mpango mfupi ni mara 15 au 16, wiki tatu na kidogo, na utafiti wa Canada uliofuatilia wanawake kwa miaka 10 na kutangazwa mwaka 2010 ulionyesha mfupi unazuia ugonjwa sawasawa na mrefu. Uliza utapewa upi. Wiki mbili za nauli na chakula si kitu kidogo kwa mtu anayeuza vitumbua. Kisha ongeza siku za kupimwa kabla ya kuanza, na siku za kusubiri zamu.

Shoga yangu alikaa kwa bintiye Temeke. Yeye mwenyewe anakiri kwamba angekuwa hana mtoto Dar, asingebakiza titi. Tunao wote ndugu wa kutupokea mjini, na watatupokea kwa moyo, lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, wiki ya nne, ukiwa mgonjwa, unataka uji usio na sukari na chumba chenye upepo? Alichorwa mistari ya kalamu kifuani, akaambiwa asiifute hadi amalize, akawa anajifuta kwa kitambaa badala ya kuoga, katika joto lile la Januari. Kwenye mashine penyewe analala dakika chache, hasikii maumivu. Ngozi ya titi iliiva ikawa nyeusi, ikawasha, akakatazwa poda na manukato, na uchovu ulimzidi wiki za mwisho. Anasema kilichokaribia kumrudisha Muheza kabla ya kumaliza ni daladala za alfajiri, kila siku, ameshika bomba huku kwapa linavuta.

Alimaliza. Naliandika neno hilo kwa heshima.

Mimi nilijijua. Mama yangu alikuwa kitandani, mtoto wa mwisho yuko darasa la saba, na baba watoto anaondoka na mashua usiku. Ningekwenda Dar wiki ya kwanza. Ya pili ningerudi kuiangalia nyumba. Sidhani kama ningepanda basi tena. Nilipoyaweka hayo mezani bila kujidanganya, jibu langu likatoka lenyewe.

Lakini ipo sehemu ambayo mimi sikuiuliza mapema, nawe usiikose. Kukatwa titi lote hakukuondolei mionzi kwa hakika. Uvimbe ukizidi sentimita 5, au saratani ikikutwa kwenye tezi nne au zaidi za kwapani, kwa kawaida utaambiwa uende kwenye mionzi hata kama titi halipo. Mimi tezi zangu zilikuwa safi, nikaokoka na safari. Kwa hiyo muulize daktari kabla: "Kwa ninavyoonekana sasa, nikikatwa lote, kuna uwezekano gani wa kupelekwa mionzi?" Akikuambia mionzi utapigwa kwa vyovyote, basi sababu kubwa ya kukata lote imeondoka, kama uvimbe wenyewe unaruhusu titi kubaki. Na kama kikwazo ni nauli na pa kulala, usiinuke hospitali hujamwona afisa ustawi wa jamii. Wengi tunaona haya kugonga mlango ule. Ndiyo kazi yake.

Dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, na vidonge vya kuzuia homoni havihusiani na swali hili. Vinaamuliwa na aina ya saratani, ukubwa wake na tezi. Shoga yangu na mimi tulitundikiwa dripu sawa, nywele zikatoka sawa, na sote tunameza tamoksifeni, miligramu 20 kila siku, dawa ambayo humezwa miaka 5 hadi 10. Hedhi zetu zilikata katika kemo na joto la mwili likaanza, mtu unaamka usiku kanga imelowa. Kwa umri wetu ingekuja tu, ila ilikuja kwa kuvamia.

Kisu chenyewe na wiki za mwanzo

Njia zote mbili kwa kawaida hufanywa kwa nusu kaputi. Kukatwa lote kuna kidonda kirefu, kama mstari uliopita kifuani hadi karibu na kwapa. Unatoka theta na mpira mwembamba unaotoa maji kifuani, unaishia kwenye kichupa, na kila asubuhi nesi anapima yametoka kiasi gani. Unaweza kuruhusiwa nyumbani nao. Hutolewa maji yakipungua, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Nilikifunga kichupa changu ndani ya mkoba wa ukili uliosukwa na mama, nikavaa dera juu, wageni wakaja kunipa pole na kuondoka bila kukiona.

Kutoa uvimbe ni operesheni nyepesi zaidi, na siku za wodini ni chache. Lakini ina deni lake. Nyama iliyotolewa inapelekwa maabara kuangaliwa kingo zake. Ikionekana saratani imegusa ukingo, maana yake imebaki ndani, na unarudi theta kukatwa tena, pengine lote. Si jambo la nadra: Uingereza, utafiti wa mwaka 2012 uliona karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliobakiza titi alirudishwa theta. Uliza kingo zitapimwa wapi na majibu huchukua siku ngapi. Shoga yangu alisubiri wiki tatu, na anasema hizo zilikuwa ngumu kuliko operesheni.

Kwapa na mkono wa kukunia nazi

Watu hudhani mkono unavimba kwa sababu titi limekatwa. Sivyo. Unavimba kwa sababu ya kwapa. Tezi za kwapani zikitolewa zote, maji ya mwili yanakosa njia, na karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata uvimbe wa mkono, wakati mwingine miaka baadaye. Hatari hiyo unaibeba hata ukibakiza titi. Zikichukuliwa tezi moja mbili za kuangalia tu, hatari hushuka sana. Kwa hiyo swali la kwapa ni swali lake peke yake: "Tezi mtatoa ngapi, na kwa nini?"

Mazoezi ni yaleyale kwa wote wawili. Unasimama mbele ya ukuta, unatambaza vidole kwenda juu kama buibui, kila siku unaweka alama ya chaki ulipofika. Niliumia. Lakini nilitaka kuinua mikono yote miwili kwenye takbira bila kusaidiwa, na wiki ya sita nikaweza. Kukuna nazi kulikuja baadaye sana, na leo nikiona mkono unaanza kujaa nampisha binti yangu kwenye mbuzi. Jikoni nashika sufuria kwa kitambaa kinene, samaki mwenye miba namkwangua kwa uangalifu, maana kijeraha kidogo upande ule kikiingia uchafu mkono mzima unaweza kuwaka. Sindano na kipimo cha presha naomba mkono wa pili.

Ndani ya mkono, karibu na kwapa, mpaka leo pamekufa ganzi. Shoga yangu naye vivyo hivyo.

Kioo, nguo na chumbani

Sitasema titi ni nyama tu. Nilinyonyesha watoto wanne kwa lile titi. Siku bandeji ilipofunguliwa niligeuka ukutani, na kwa wiki mbili nilioga gizani.

Kwa nguo, upande mmoja mtupu ni tabu ndogo inayokera kila siku. Sidiria hupanda juu, bega linalala upande. Fundi mmoja wa Ngamiani alinishonea kifuko cha pamba, tukakijaza mtama, nikawa napunguza na kuongeza hadi uzito ukalingana na mwenzake. Siku ya kufua namwaga mtama, nafua kifuko, najaza mwingine. Baibui linaficha mengi, lakini mimi nilihitaji uzito kwa ajili ya mgongo wangu kuliko macho ya watu. Yapo pia matiti ya silikoni ya kununua. Na kujengewa titi jipya ni operesheni nyingine, yaweza kufanywa hata miaka baadaye, kwa hiyo usiilazimishe wiki hii iliyokwisha kujaa.

Shoga yangu ana titi, ila si lile. Mionzi ililipunguza na kulifanya gumu, na kovu limevuta chuchu upande. Anaishi na kipimo cha kila mwaka cha titi hilo, mamografia, na wiki ya kipimo hali vizuri. Mimi upande ule hofu yangu ni ndogo zaidi, ingawa saratani inaweza kurudi hata kwenye kovu la kifua, na titi langu la pili nalo linapimwa.

Kuhusu waume, niliogopa kama kila mwanamke ninayemjua. Wiki ya tatu nesi wangu wa mtaani hakuja, nikamwomba baba watoto anibadilishie bandeji. Mikono ilimtetemeka, yeye aliyezoea kuparua papa. Akafunga vizuri kuliko nesi. Sikuoga gizani tena. Shoga yangu aliachika zamani, na ndugu zake wakamuuliza titi anambakizia nani. Akawajibu: "Ni langu." Nadhani jibu hilo linatosha, na nalisema kwa mama mkwe yeyote na shemeji yeyote atakayesoma hapa.

Asiye na uchaguzi

Wengine swali hili haliwafikii. Uvimbe ukiwa mkubwa kuliko titi linavyoweza kuubeba, ukiwa sehemu mbalimbali za titi, ngozi ikiwa imeiva na kuvimba kama ganda la chungwa, au kifua kikiwa kilishapigwa mionzi zamani, daktari atashauri lote. Mjamzito naye hawezi kupigwa mionzi hadi ajifungue. Uvimbe mkubwa mara nyingine huanzishiwa kemo ili usinyae, ndipo uchaguzi urudi. Uliza kama wako ni wa namna hiyo.

Na ile ya kungoja kwanza, kunywa mizizi miezi mitatu tuone, siiweki kwenye ulinganisho. Nimekwenda kwenye misiba miwili ya njia hiyo, na wote wawili walianza na uvimbe mdogo kuliko wangu.

Mimi ningekuambia nini

Ningekuambia utazame kalenda ya nyumba yako kabla ya kutazama kioo. Kama una mtu Dar, au moyo wa kukaa chumba cha kupanga wiki tano, uvimbe ni mdogo, na maabara itapima kingo, bakiza. Mwili utakaoamka nao ni karibu na ule ulioujua. Kama unajua katikati ya safari utarudi nyumbani, kata lote kwa amani, wala usikubali mtu akuonee huruma kwa hilo. Nami ningekusihi usimwachie mtu mwingine ajibu, hata mimi. Nilikatwa lote kwa sababu ya nyumba yangu, na nyumba yako siijui.

Jumatatu namsindikiza jirani yangu, ana miaka 51, uvimbe wa sentimita 2. Nimemnunulia daftari la kurasa arobaini na nane, tumeandika maswali upande mmoja, majibu nitayaandika mimi, maana najua masikio yake yatakavyokuwa. Jana jioni alisema anaelekea kubakiza. Nikamuuliza, Dar utalala kwa nani? Amesema anampigia mdogo wake wa Mbagala usiku, atanijibu kesho.